Vita vya Komando

Kambo, mama mzaa baba, ndiye aliyempa mbwa wetu jina la Komando, na mtaa wetu wa Naviundu ukaliheshimu. Alikimbiza pikipiki, alikimbiza wauza makala, siku moja alimkimbiza padri.

Kuku mmoja alipotoweka, Baba alianza kumtazama jirani kwa jicho baya. Kambo akainama kando ya banda, akachokoa kwa kijiti kinyesi kilichojaa mbegu za masuku. “Jirani yako humeza masuku na mbegu zake? Huyu ni mumbwe.”

Yaani bweha, yule mwenye mstari ubavuni na ncha nyeupe mkiani. Miti ya pori letu inaishia kwenye magunia ya makala, naye bweha si mchaguzi: panya, wadudu, matunda, mabaki ya bukari jalalani, na banda likikosa komeo, kuku.

Usiku Komando alimfumania. Bweha hata kilo 15 hafikishi; akiwa peke yake mbele ya mbwa mkubwa, anatimua mbio. Komando nyuma yake, Baba nyuma ya Komando na tochi ya simu, kandambili moja ikabaki matopeni. Mbio zikaishia kwenye kichuguu. Katanga kuna vichuguu vya mita 8 kwenda juu, na watu huvichimba kutafuta udongo wa matofali. Hiki kilikuwa na tundu ubavuni, na ndani ya tundu, watoto.

Hapo bweha akageuka. Mwenzake akachomoka gizani, maana hawa huishi mke na mume na kulea pamoja. Mmoja usoni, mwingine mapajani. Komando akimgeukia huyu, yule anauma. Baba husimulia kwamba ndiye aliyewatawanya. Sisi tulimwona akirudi wa kwanza.

Komando alifika akichechemea, sikio limechanika. Mama alitaka kumkumbatia. Kambo akamzuia kwa fimbo. Kichaa cha mbwa hupita kwa mate, bweha kwa mbwa, mbwa kwa mtu, na dalili zikishaanza, karibu kila mara mtu hufa. Baba akavishwa mifuko ya plastiki mikononi, akaosha majeraha kwa sabuni huku akilalamika.

Daktari wa mifugo akaomba kadi ya chanjo. Ilipatikana ndani ya Biblia ya Kambo. Akamchoma Komando sindano nyingine, akaamuru afungwe na kuchunguzwa siku 45. Ili kulipa, Kambo aliuza kuku wawili.