Pikipiki ya Kwanza Huchaguliwa kwa Miguu

Ukitaka kujua Olenguruone ina washauri wangapi, tangaza sokoni kwamba unanunua pikipiki. Kabla chai haijapoa mezani utakuwa umeambiwa ununue Boxer, uachane na Boxer, utafute TVS, usiisogelee TVS, na umngoje binamu wa mtu fulani kule Molo anayeuza yake ambayo "bado mpya kabisa." Wanakutakia mema wote. Lakini hakuna hata mmoja atakayekuwa nawe siku utakapoteremka kuelekea Kiptagich mvua ikiwa imenyesha, na lori la majani ya chai linapanda likikujia. Wasikilize, waongezee chai, kisha ufuate mwongozo huu.

Kazi ya kwanza ni kukaa. Nenda kwa muuzaji ukiwa umevaa gambuti, zile zile unazovaa ukikamua ng'ombe, wala usione haya. Huku kwetu matope yana miezi mingi kuliko vumbi, na hizo ndizo utakazoendeshea. Panda, usiwashe, kisha ukanyage chini kwa nyayo zote mbili. Nimesema nyayo, ncha za vidole tuwaachie wacheza densi. Muuzaji atakwambia, "Utazoea tu, kijana wangu." Utazoea kelele yake, hata bei ya petroli utaizoea, lakini miguu ya mtu mzima hairefuki kwa mazoezi.

Umuhimu wa nyayo utauona mlimani. Anayejifunza huzima injini katikati ya mwinuko kwa sababu ameachilia krachi mapema. Ni kawaida, humpata kila mtu. Pikipiki iliyozimika mlimani huanza kurudi nyuma, kisha inatafuta upande wa kulalia. Chombo chenye kilo mia moja na ushei, na nyuma yake umefunga mtungi wa maziwa wa lita 50, hakizuiwi na kidole gumba. Unahitaji mguu mzima uliojikita ardhini na mwingine juu ya breki. Kwa hiyo zile pikipiki ndefu zenye bampa la tope lililoinuka juu, unazoziona zikiendeshwa na maafisa wa misitu na wa miradi, ziangalie kwa heshima na uziache zipite. Wanaoziendesha wamefunzwa, na zikianguka mwajiri ndiye anayelipa.

Ukiwa bado umekaa, ingiza mguu kwenye kanyagio la gia. Boxer na TVS nyingi za kazi zina kanyagio lenye ncha mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino, na mpangilio wa gia hutofautiana kati ya aina moja na nyingine. Gambuti ikikwama hapo dukani, itakwama pia mbele ya lori. Mwombe muuzaji akuonyeshe gia ya kwanza na akuonyeshe nyutro. Asiyejua zilipo hana haki ya kukuuzia kitu chenye magurudumu.

Sasa tuje kwenye injini, ambako wanaume wa steji huanza kupimana vifua. Watasema cc 100 ni ya kina mama. Kauli hiyo huwatoka zaidi wale ambao hawajawahi kuamka saa kumi usiku kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupoza. Ukweli ni kwamba injini ndogo humfaa sana anayeanza. Ukiikamua mkono kwa woga, haikutupi kwenye viazi vya jirani.

Lakini milima nayo ina lake la kusema. Olenguruone iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Boxer BM 150 inayotangazwa kuwa na nguvu za farasi 12 inafika hapa ikiwa na tisa hivi. Farasi watatu wameshukia njiani, na hawarudi hata ukipiga honi. Kwa hiyo ikiwa ni wewe peke yako na mkoba wako, cc 100 inatosha, ila utapanda Keringet kwa subira. Ikiwa ni maziwa, chai au viazi, tafuta cc 125 au 150. Ukomee hapo. Kinachozidi 150 ni cha mtu aliyekwisha kumaliza misimu miwili ya mvua bila kuvunja kioo cha pembeni.

Tena ukinunua iliyokuwa ikitumika huko bondeni, usishangae ikitoa moshi mweusi na plagi ikijaa masizi. Inakunywa petroli iliyopimiwa hewa nzito. Fundi atakubadilishia jeti ya kabureta au aipime upya, na itapumua. Asubuhi ya ukungu vuta choki, piga kiki, uiache ingurume kidogo kabla ya kuondoka. Ndiyo maana nakusihi usinunue ya kuwashwa kwa kitufe pekee. Betri iliyolala kwenye baridi ya Mau huamka ikitaka, na maziwa hayawezi kuingoja.

Kipimo changu kikubwa cha aina ya kununua hakina uhusiano na mbio. Zunguka kwa mafundi wa hapa mjini, mmoja baada ya mwingine, uwaulize kama wana kebo ya krachi, viatu vya breki na cheni za pikipiki unayoitaka. Wakiinama chini ya meza na kukutolea, hiyo ni pikipiki ya Olenguruone. Wakianza kusema "hiyo tutaagiza Nakuru," basi wewe pia kainunulie Nakuru na ukaishi nayo huko. Boxer na TVS HLX zimejaa katika nchi hii kwa sababu hiyo hasa. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zimeingia kwa wingi kiasi kwamba hata mvulana wa darasa la nane anaweza kukufungulia kabureta. Hiyo ni bima ambayo hakuna kampuni inayoiuza.

Tairi za dukani nyingi ni za lami. Zitakupeleka Molo vizuri sana, na zitakulaza kwenye udongo wa Tinet ndani ya dakika chache, kwa kuwa mifereji yake hujaa tope na kuwa laini. Bishana bei hadi upewe za meno makubwa, hasa ya nyuma. Rimu chukua za spoku. Zile za kumwagwa zinang'aa, lakini zikigonga jiwe hupasuka, na spoku iliyopinda fundi huinyoosha ukingojea.

Nafika kwenye mapambo, na hapa sina upole. Kuna vijana wanaonunua redio na kupewa pikipiki kama nyongeza. Spika mbili chini ya tangi, taa za rangi saba, bendera ya timu ya Uingereza, na kwenye bampa la tope maneno ya kuwatisha maadui ambao hawajulikani. Muziki huo unakuzuia kusikia cheni inayogonga na lori linalokuja nyuma. Taa hizo zinanyonya betri ile ile ya baridi. Bei ya spika hizo inanunua helmeti nzuri na makoti mawili ya mvua. Niko tayari kugombana na yeyote kwa hili.

Basi, yule binamu wa Molo. Mfikie asubuhi na mapema bila kumwambia saa. Gusa injini kabla hajaiwasha. Ikiwa tayari ni moto, jamaa ameipasha ili usijue inavyosumbua kwenye baridi. Ikiwaka, angalia moshi. Wa bluu ni oili inayoungua, na oili inayoungua ni pesa yako. Inyanyue gurudumu la nyuma na ulizungushe: cheni inayolegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine imekwisha pamoja na sproketi zake. Kisha chukua logbuku, ulinganishe namba ya fremu na ya injini, tarakimu kwa tarakimu, na uhakikishe jina lililo ndani ni la anayekuuzia. Pesa hazitoki mpaka uhamisho wa umiliki uanzishwe kwenye akaunti yake ya NTSA nawe ukiona kwa macho yako. Akikwambia, "Sisi ni ndugu, karatasi zitafuata," mwambie pesa nazo zitafuata.

Wa mkopo wana hesabu yao. Kampuni nyingi hudai kila siku au kila wiki. Maziwa hulipa mwisho wa mwezi, na bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka. Ukikosa kipato cha kila siku cha kujazia pengo hilo, pikipiki itachukuliwa Julai ukiwa unangojea pesa za Oktoba. Ni afadhali uendelee kutembea mwaka mmoja, uweke amana kubwa, ulipe kidogo.

Leseni nayo ina madaraja yake: A2 ni ya pikipiki yako mwenyewe, A3 ni ya kubeba abiria kwa malipo. Jifunze kabla ya kununua. Mwenzako akikuonyesha krachi kwa robo saa jioni, hapo bado hujafunzwa. Helmeti chagua inayobana mashavu, isiyozunguka ukitikisa kichwa, yenye mkanda unaofunga kweli. Tafiti zilizokusanywa duniani zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko haijapunguza chochote, isipokuwa hasira za polisi.

Na abiria? Sheria ya Trafiki inaruhusu mmoja. Jumapili baada ya ibada watakujia watatu na mtoto, wakiapa kwamba ni hapo tu karibu. Usimbebe hata huyo mmoja bado. Funga nyuma gunia la viazi la kilo 50, lile lililowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019, wala si lumbesa. Uteremke nalo mlima ukiwa kwenye gia ya chini, bila kuzima injini ili kuokoa petroli, maana breki za ngoma zikipata moto hulegea. Gunia halikushiki mabega, halipigi kelele kwenye kona, halihamii upande wa pili ghafla. Likianguka, utaokota viazi. Siku utakapolifikisha Keringet na kurudi bila kusimama kukaza kamba, mwite mama apande, naye umkabidhi helmeti ya pili.