Konokono wa Dover

Konokono hubeba nyumba yake bila kupanga chochote. Mstaafu wa Uingereza anayetoka Dover kufuata jua la Hispania kwa gari-nyumba huanza kupanga Agosti, na Januari ikiingia bado anabishana na mkewe: huko Ufaransa, tupite Bordeaux au Toulouse?

Mengine ya kupanga hayana ubishi. Gesi ya butani hugoma baridi ikikaribia sifuri, basi abebe propani. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, maeneo mengi ya milimani Ufaransa hudai matairi ya baridi au minyororo. Gari likizidi tani 3.5, libandikwe vibandiko vya kuonya kuhusu pembe asizoziona dereva. Barabara nyingi za mwendokasi ni za kulipia. Majira hayo kambi nyingi zimefungwa, na mabomba yamekaushwa yasigande yakapasuka.

Akifika Benidorm, Hispania, huegesha ubavuni mwa jirani aliyetoka mtaa uleule, wakanywa chai ileile, wakaisimanga mvua waliyoikimbia. Kisha huhesabu siku: kwa kuwa Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya, ruhusa bila viza ni siku 90 tu katika kila 180. Baadhi ya wastaafu hawa walipiga kura kufunga mlango huo. Leo wanapiga hodi.

Konokono, angalau, haulizwi pasipoti.