Bunduki ya Bei ya Wastani

Mwindaji wa Pennsylvania haanzi na kulungu, anaanza na bei. Bunduki ya dola 400 anaiona ya kimaskini, ya dola 3,000 ni ya daktari wa meno; basi yeye, mtu wa kiasi, anatenga dola 900 hivi na kujiona ana busara za Suleimani.

Hapo anakutana na Tikka T3x ya Finland. Kiwanda kinamhakikishia kuwa risasi tatu zitatua ndani ya takriban inchi moja kwa umbali wa yadi 100. Inchi moja, jamani! Wakati moyo na mapafu ya kulungu vimeenea upana wa sahani ya pilau, na mlengaji mwenyewe, siku ya siku, anahema kwa kupanda kilima, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kifyatuo hakioni.

Halafu risasi. Ile ya .30-06 inaangusha kulungu tangu 1906, lakini ukiitaja dukani leo unaamkiwa shikamoo. Inayotakiwa ni 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Kulungu bado hawajaarifiwa.

Na ile bajeti, bila shaka, haikuhesabu darubini. Wala pete za kuifungia, mkanda, kasha, na maboksi ya risasi za kujaribia. Mkewe akiuliza mbona akaunti imenyauka, anajibiwa kuwa nyama ya porini ni ya bure.