Ukitaka Kitabu cha Gobore Nawe Uko Gihosha

Kabla hujatoa hata faranga moja, keti ujiulize kitabu cha ufundi wa gobore, bunduki ya zamani ya kushindiliwa baruti, unakitakia nini. Jibu likiwa "nataka bunduki", ishia hapo. Burundi ina sheria ya silaha ndogo tangu 2009, na huku neno mugobore, gobore kwa lugha ya hapa, halimkumbushi mtu makumbusho. Linamkumbusha vita vilivyoanza 1993 na silaha za kuchongwa nyumbani zilizozagaa vilimani. Nyumba za mtaa wetu wa Gihosha, Bujumbura, zimebanana. Jirani akisikia tupa inakereza bomba la chuma usiku, hatauliza unasoma nini. Na ana haki. Lakini kama unataka kuujua mkono wa fundi wa zamani, jinsi mbao, shaba na chuma vilivyokubali kukaa pamoja, karibu tuchague.

Kitabu cha kwanza kisiwe cha bunduki. Kiwe kamusi. Tafuta ya padri Charles Sacleux, ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris 1939: aliyesoma shule za Bujumbura ataifuata bila taabu. Kisha kusanya maneno. Mrao, utambi uliowasha baruti. Gumegume, jiwe la kiberiti, na bunduki iliyolitumia. Fataki, kijikofia cha kulipukia kilichokuja baadaye. Korofindo, bunduki nene ya tembo. Mdeki, ufito wa kushindilia. Yapange mrao, gumegume na fataki kwa zamu zao, umeshapata historia ya ufundi huu kabla hujafungua mwongozo wowote. Hata leo mwanamume asiyefaa kitu huitwa gumegume, na aliyewahi kuona jiwe likigonga chuma mara tatu bila cheche haoni ajabu.

Sasa miongozo yenyewe. Inayosifiwa sana ni ya Kimarekani. Foxfire 5 ya 1979 ndiyo ningeianza mimi, kwa kuwa iliandikwa na vijana wa shule huko Rabun Gap, Georgia, waliowafuata wazee karakanani wakawauliza na kuwapiga picha. Kuna George Shumway na juzuu zake mbili za picha za bunduki za kale. Soma vyote ukipata, ila ujue kwamba bunduki yao si gobore letu. Yao ina mtutu mrefu wenye mifuo ndani, kitako cha mti wa mepo wenye mawimbi, na vipimo vyote ni vya inchi. Letu lilikuwa la biashara: mtutu laini, mbao ya kawaida, likitoka Birmingham au Liège kupitia Zanzibar. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaziachia mlango zile za gumegume zisizo na mifuo. Ndiyo sababu wazee wetu walibaki na chombo ambacho Ulaya ilishakitupa. Kitabu kisichogusa bunduki za biashara hakitakueleza kitu ulichokiona ukutani kwa babu.

Ukishika kitabu chochote, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtambo. Mchoro uwe wa ukubwa halisi, ili uweze kuuwekea rula. Uonyeshe jiwe limefungiwa kipande cha ngozi kati ya taya mbili, springi iliyokunjwa kama kisigino, na kisahani kidogo kinachopokea cheche. Kisha tafuta makosa. Fundi wa kweli husimulia springi iliyokatika na kitako kilichopasuka siku ya mwisho. Mwandishi ambaye kila kitu kinamnyookea hajashika patasi. Mrudishie kitabu chake.

Pia soma kitakachokurudisha nyumbani. Mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji aliijia Burundi na watu wenye bunduki, na watu wa mfalme Mwezi Gisabo wakamzuia kwa mishale na mikuki. Mfalme huyo huyo alilazimika kukubaliana na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903, mbele ya bunduki za aina nyingine kabisa. Asiyejua tofauti ya mitutu hiyo miwili hawezi kueleza kwa nini mara moja alishinda na mara nyingine akainama.

Kitabu ninachokitamani zaidi bado sijakiona dukani: cha Kiswahili, chenye jina la kila kipande kwa Kirundi pembeni, kilichotoka kwa wazee wa mtaa wa Buyenzi na kwa umucuzi, mhunzi wa mlimani, anayejua chuma kwa rangi ya moto wake. Jarida la Foxfire lilianza 1966 kwa wanafunzi wa sekondari na maswali yao. Gihosha ina shule na ina vijana. Mwalimu unayesoma hapa, wanunulie madaftari, uwapeleke kwa wazee hao Jumamosi hii.