Januari ya Sweta

Dar es Salaam, Januari, saa saba mchana. Nje nyuzijoto 32, na fukuto la bahari juu yake. Ndani ya ofisi yetu dada wa mapokezi amevaa sweta, juu ya sweta kajitanda khanga, kakumbatia kikombe cha chai ya tangawizi apashe vidole. Kiyoyozi kimewekwa 16. Dada huyu kwao Njombe. Ananiambia kwao mwezi wa sita angalau kuna jiko la mkaa.

Waombe wapandishe hadi 25. “Kaka, hiyo si AC tena, hiyo feni!” Anayesema hivyo nyumbani analala na feni ya mezani inayogeuza shingo kwa kukwaruza, na asubuhi anaamka mzima. Tofauti ni kwamba umeme wa ofisi hanunui yeye. Kwake, LUKU ikianza kupiga kelele, familia nzima inakumbuka kuwa dirisha hufunguka.

Halafu kuna hii imani kuwa ukibonyeza 16 chumba kitapoa upesi kuliko ukibonyeza 24. Mashine za kawaida kama hii yetu hupuliza baridi ile ile. Namba inaiambia tu ikomee wapi. Nimeeleza, fundi kaeleza. Wanatutazama kama wanakamati wanaotaka kupunguza nyama kwenye harusi.

Rimoti inakaa kwenye droo ya bosi, pamoja na mhuri. Bosi huvaa suti nzito, tai juu. Akivua koti tu, 25 ingemtosha nasi tungepona. Lakini koti halivuliwi, maana koti ndilo bosi, na kwa ajili yake ofisi nzima inazizima.

Willis Carrier alipobuni mtambo wake Marekani mwaka 1902, aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, unyevu usiharibu karatasi. Binadamu tulidandia baadaye. Basi niseme ukweli: mafaili yetu yana afya njema sana.

Majumbani nako kiyoyozi ni cha mgeni, sawa na vile vikombe vya kabatini. Juzi nilikwenda Sinza kumsalimia shangazi. Sijamaliza shikamoo, akapaza sauti: “Washeni AC, mgeni kaja!”

“Shangazi, mimi si mgeni bwana.”

“Ndiyo maana nakupenda, mwanangu,” akasema, na rimoti ikarudishwa kwenye nailoni yake.