Shemeji Kalewa, Mdhamini Mimi

Songo Mnara hatuna barabara ya gari. Tuna njia za mchanga, tuna mikoko, tuna minazi, na tuna magofu ya kasri na misikiti ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani. Ukitaka kwenda bara unapanda mashua. Sasa wewe ndugu yangu, uliyeoa mke ukaongezewa na shemeji juu, hebu nieleze: familia ya kisiwa kisichojua taa ya barabarani imempataje mtuhumiwa wa kuendesha chombo cha moto akiwa amelewa?

Mtuhumiwa mwenyewe ni mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Nyumbani tunamwita Rubani, kwa sababu tangu nimjue hajawahi kusema anakwenda mahali. Yeye anaruka. "Shem, naruka Masoko mara moja." "Shem, naruka Nangurukuru, nitarudi na samaki." Harudi na samaki. Anaendesha bodaboda huko bara, na akiishiwa hela anarukia kwetu kula. Msimu wa korosho ndio wa kupata abiria, maana wakulima wana chochote mfukoni. Tatizo, msimu huohuo ndio wa mabibo, na mabibo ndiyo mama wa uraka. Magofu yetu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Rubani bado yumo.

Ijumaa jioni trafiki wakamsimamisha, wakampulizisha kipima ulevi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiulizi umekunywa bia ya baridi au uraka wa kibuyuni. Inaangalia kileo kilichomo mwilini, na mpaka wake ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Wala usiseme pikipiki si gari. Mbele ya sheria hiyo nayo ni chombo cha moto. Nasikia Rubani alipoonyeshwa namba alimuuliza askari kama amefaulu.

Simu ilitukuta jikoni. Mke wangu, ambaye mimi na wanangu tunamwita Bi Hakimu (pembeni, si mbele yake), alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasikiliza, akakata simu, akamaliza kukuna kifuu chote mpaka kikabaki cheupe, ndipo akatoa hukumu: "Baba watoto, kesho unakwenda kumtoa." Nikauliza kwa nini mimi. Akachukua kifuu kingine.

Mama mkwe, yaani Mama Dola, aliposikia alianza kulia kwa kufuata nasaba. Anaamini ukoo wao unatoka kwa Washirazi waliojenga kasri la hapa kisiwani, na kwamba tangu enzi hizo hakuna hata mmoja aliyelala mahabusu. Akataja Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Sikubisha. Bahati ya Ibn Battuta ni kwamba alipita kabla ya bodaboda.

Usiku huo kundi la familia kwenye simu likawaka moto, kila ndugu na sheria ya nchi anakoishi. Shangazi wa Mombasa akasema tukusanye pesa taslimu mapema, maana kwao Katiba ya 2010, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya haki, na mahakama ikikutajia kiasi unakiweka, kesi ikiisha unarudishiwa. Binamu aliyeko Marekani akasema tutafute wakala wa dhamana, anakulipia yote, wewe unampa kama asilimia 10 ambayo huioni tena. Mpwa wa Chicago akamrukia: jimbo la Illinois limefuta dhamana ya pesa tangu Septemba 2023! Mjomba wa Muscat akauliza kafili wa Rubani ni nani. Kuna mmoja akatupa pole watu wa Songosongo, na akataka kujua kwa nini tunalia shida wakati tuna gesi. Songosongo ndiyo yenye gesi, tangu 2004 inapelekwa Dar es Salaam. Songo Mnara ni kisiwa kingine, na sisi tunapikia kuni. Hilo nalo likazua mjadala mpaka saa sita.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mzee Karani, aliyezeekea kwenye ofisi za mahakama na ambaye mpaka leo hasemi neno bila kurekebisha miwani. "Kijana," akaniambia, "yaache ya Chicago. Hapa tuna Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya mwaka 1985, Sura ya 20. Dhamana zipo mbili. Ipo ya polisi na ipo ya mahakama."

Akanipanga hivi. Mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani mapema. Ikionekana haitawezekana ndani ya saa 24, na yetu ilikuwa Ijumaa jioni, mahakama mpaka Jumatatu, basi mkuu wa kituo anapima uzito wa kosa, na kama si kosa zito anamwachia kwa dhamana. Yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine ya daraja hilo. Kuendesha umelewa hakumo. Ni kosa, tena baya, linaua watu, lakini linadhaminika.

"Shilingi ngapi?" akauliza Bi Hakimu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Hakuna. Sheria inakataza kutoza ada kwenye hati ya dhamana. Mdhamini anasaini ahadi ya kiasi fulani cha fedha. Mtuhumiwa akija siku aliyopangiwa, halipi mtu kitu. Akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa kile kiasi."

Macho yote yakanigeukia. Mama Dola alijitolea kuweka rehani minazi yake, akaanza kuihesabu mmoja mmoja na historia yake, huu alipanda marehemu, huu ulipigwa na radi. Mzee Karani akasema polisi kwa kawaida wanataka mtu mwenye kitambulisho, anayejulikana anapoishi, na barua ya serikali ya kijiji. Minazi ibaki ilipo. "Basi ni baba watoto," akahukumu Bi Hakimu. Rufaa haikuwepo.

Asubuhi tukaifuata barua. Mtendaji wa kijiji aliandika vizuri kabisa, mwandiko wa kulala, lakini kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akaugonga muhuri, haukutoa kitu. Akausogeza mdomoni, akaupulizia pumzi ndefu ya moto, hhhaaa, akaugonga tena, ikatoka nusu duara na herufi tatu. Mwanangu wa mwisho, tunayemwita Msemaji, alikuwa ameng'ang'ania shati langu. Akauliza kwa sauti ya kusikika msikitini: "Baba, na mtendaji naye anapimwa ulevi?" Mtendaji akanikabidhi barua bila kuniangalia.

Kutoka kisiwani ni hadithi ya maji. Tulipofika pwani yalikuwa yamekupwa, mashua imesimama mbali, ikabidi tupite kwenye tope la mikoko, mimi na Msemaji mabegani, Bi Hakimu na hotipoti ya wali na pweza wa nazi, Mama Dola na jogoo. Nilimuuliza mama mkwe jogoo anakwenda wapi. "Kwa mkuu wa kituo, baba. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu." Nikamweleza kwamba hiyo inaitwa rushwa, kuna sheria ya 2007 na kuna TAKUKURU, na jogoo huyo anaweza kugeuzwa kielelezo. Akanijibu kwamba yule sultani wa Ibn Battuta aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, na hakuna aliyemshitaki. Jogoo akapanda mashua. Alitapika Msemaji, akatapika Bi Hakimu, jogoo alisimama juu ya boriti mpaka Masoko, mzima wa afya.

Karibu na lango la kituo kijana mmoja alitupokea kwa bashasha, akajitia mwenyeji. Akasema faili la Rubani liko mikononi mwake na dhamana ni elfu hamsini, tena anatufanyia kwa sababu sisi watu wa visiwani. Mama Dola akaanza kufungua pindo la kanga. Bi Hakimu akamuuliza yule kijana atatupa stakabadhi ya serikali yenye jina gani. Kijana akakumbuka ana mgonjwa mahali.

Ndani nikamwamkia askari wa zamu, "Shikamoo afande," ingawa nahisi alikuwa mdogo kwangu. Shida haina umri. Akasoma barua, akageuza ile nusu duara ya muhuri kwenye mwanga, akaridhika. Akaniuliza kazi yangu, ninapoishi, uhusiano wangu na mtuhumiwa, na mali niliyonayo. Kabla sijafungua mdomo Bi Hakimu akajibu: "Ana nusu ya mashua, afande, na duka la madeni." Niliandikwa hivyohivyo. Ahadi ikawekwa shilingi milioni moja, nikasaini, sikulipa hata senti. Mama Dola akamsogezea afande jogoo. Afande akamrudisha kwa adabu zote. "Mama, huyu nendeni naye nyumbani."

Rubani akatolewa. Vitu vyake vikasomwa kutoka kwenye daftari kimoja kimoja akivisaini: simu, mkanda, kitana, kandambili ya mguu wa kushoto. Ya kulia haikuwemo. Akaangalia huku na huku, akasema, "Shem, pikipiki je?" Pikipiki imebaki, ni kielelezo. Akala wali wote wa hotipoti amesimama, akalalamika umepoa.

Ndugu msomaji, usidhani yaliishia hapo. Kumtoa mtu mahabusu ni rahisi; kazi ni kukaa naye. Kuanzia dakika ile Rubani alikuwa milioni yangu moja inayotembea. Akienda chooni nasikiliza. Usiku alilala sebuleni kwangu, Mama Dola akatandika mkeka mlangoni kumzuia asitoroke, akawa ananizuia mimi nisitoke kwenda kusali alfajiri. Jumapili akasema anaruka kuvua mara moja. Upepo ukageuka, jua likazama, yeye hayupo. Nilisimama pwani napiga hesabu nusu ya mashua ni shilingi ngapi. Alirudi usiku anaimba, mkavu kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake amebeba samaki.

Nikamnong'oneza Mzee Karani kama mdhamini anaweza kujitoa. Akasema anaweza: unaiomba mahakama ikuondoe, mtuhumiwa analetwa, akikosa mdhamini mwingine anarudi ndani. Nilinong'ona nyuma ya nyumba, chini ya ukuta. Bi Hakimu alijibu kutoka dirishani: "Thubutu."

Jumatatu tulikuwa mahakamani mapema, Rubani kavaa shati langu la Idi. Hapo nikafundishwa jingine. Dhamana ya polisi ilikuwa ya kutufikisha pale tu. Baada ya kusomewa shitaka, mahakama inaweka dhamana yake upya, na masharti yake: wadhamini, kuripoti, hata kutotoka nje ya eneo fulani bila ruhusa. Kiasi hakitakiwi kuwa cha kukomoa. Hakimu, yule wa kweli, akauliza mdhamini yupo? Nilikuwa nasoma dari. Nikasikia kiwiko mbavuni, nikasimama.

Kesi bado inaendelea. Mtu akidhaminiwa hajaachiwa huru, wala hajawa na hatia; Katiba yetu, ibara ya 13, inasema asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Rubani ameishika ibara hiyo kuliko Fatiha. Ukimwambia akachote maji anakwambia asihukumiwe mapema. Leseni yake inaweza kufungiwa, na ikifungiwa najua atakula wapi.

Kwa hiyo nawe, siku ukiitwa kumtoa mtu, usimpe mtu pesa langoni: dhamana haiuzwi. Mahakama ikiagiza fedha, dai stakabadhi. Soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kusaini, kwa sababu akikimbia yeye utatafutwa wewe. Na kama una shemeji wa bodaboda, mnyang'anye ufunguo mapema, mabibo hayajaanza kudondoka.