Sita wa Jazz Epistles: Nani Anakaa Kileleni?

Januari 1960, jijini Johannesburg, wanamuziki wa Jazz Epistles waliingia studio wakatoka na santuri iitwayo Jazz Epistle Verse 1. Ndiyo santuri ndefu ya kwanza ya jazz kutolewa na bendi ya weusi wa Afrika Kusini. Zilichapwa nakala 500. Mia tano tu! Harusi moja ya Sinza inaweza kugawa kadi nyingi kuliko hizo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Machi, polisi waliua watu 69 pale Sharpeville. Hali ya hatari ikatangazwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na bendi iliyoundwa 1959 ikasambaratika kabla 1960 haijaisha. Wengi wao wakatawanyika duniani na vyombo vyao mkononi.

Nawapanga hapa kuanzia wa sita hadi wa kwanza, na kigezo changu ni kimoja: nani, ukimtoa, bendi inabaki jina tupu? Ugomvi ruksa. Matusi hapana.

6. Johnny Gertze, besi

Wapiga besi wote mnaosoma hapa, najua mmeshakunja sura. Kunjueni. Kuwa wa sita katika bendi hii ni sawa na kuwa nahodha kwenye bendi nyingine nyingi. Gertze alitoka Cape Town, na mpiga piano wetu (subirini, zamu yake inakuja) alipohamia Zürich alimchukua Gertze pamoja na mpiga dramu wakaunda kundi lao la watatu. Hakuna mpiga piano mwenye akili anayevuka bahari na mpiga besi wa kubahatisha. Msikilize anavyotembea chini ya wapuliza vyombo, hana haraka wala haombi makofi.

5. Makaya Ntshoko, dramu

Kijana mwingine wa Cape Town, aliyezaliwa 1939. Kiti cha dramu cha Epistles hakikuwa chake peke yake, maana Early Mabuza naye alikikalia. Kwa hiyo mashabiki wa Mabuza, msianze kurusha viti.

Ntshoko akaishia Uswisi, akafanya Basel kuwa nyumbani. Mwaka 1972 Masekela aliporekodi Home Is Where the Music Is, nani aliitwa kwenye dramu? Ntshoko yuleyule. Miaka kumi na miwili imepita, wako ng'ambo wote wawili, na bado tarumbeta linamtafuta mpiga dramu wake wa ujana. Mwaka 1974 akatoa santuri yake mwenyewe, Makaya and the Tsotsis. Jina hilo pekee lilistahili tuzo.

4. Jonas Gwangwa, tromboni

Tromboni ndicho chombo kinachotaniwa kuliko vyote. Kirefu, hakiingii daladala, na anayekaa mbele ya mpigaji yuko hatarini kupigwa kisogo. Gwangwa, mtoto wa Orlando, Soweto, aliyezaliwa 1937, alikipa heshima yake. Alikianza katika Huddleston Jazz Band, bendi ya wanafunzi iliyoanzishwa kwa msaada wa padri Mwingereza Trevor Huddleston. Watu wa Masasi, kaeni vizuri: ndiye Huddleston huyohuyo aliyekuwa askofu wenu kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla hajaja kwenu alikuwa akigawa vyombo vya muziki kwa vijana waliokuja kutikisa dunia.

Gwangwa alikwenda London 1961 na mchezo wa muziki wa King Kong, kisha New York kusoma Manhattan School of Music. Akapanga muziki wa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba iliyoshinda Grammy 1966. Baadaye akakabidhiwa Amandla, kundi la sanaa la ANC lililozaliwa katika kambi za wapiganaji Angola, akazunguka nalo nchi nyingi kueleza habari za nyumbani kwa nyimbo na ngoma. Watawala wa Pretoria walijua uzito wa kazi hiyo: 1985 nyumba yake ya Gaborone ililipuliwa. Miaka michache mbele anateuliwa kuwania Oscar kwa muziki wa filamu ya Cry Freedom. Unalipua nyumba ya mtu, naye anakujibu kutoka Hollywood!

3. Hugh Masekela, tarumbeta

Tulieni. Nimesema tulieni! Ndiyo, namba tatu. Hakuna anayemnyima Masekela ukubwa wake. Mtoto wa Witbank, mji wa makaa ya mawe, alizaliwa 1939 na kulelewa na bibi yake aliyeuza pombe kwa wachimba migodi. Wengine tulipewa na bibi zetu hadithi za sungura na fisi. Yeye alisikia nyimbo za wanaume waliotoka Malawi, Msumbiji na kila kona ya kusini mwa Afrika. Ukimsikia baadaye akilia na garimoshi katika wimbo wake Stimela, jua kwamba lilianza kupita masikioni mwake mapema mno.

Akaona filamu ya Young Man with a Horn, akachanganyikiwa na tarumbeta, na Huddleston akamtafutia moja. Padri huyo hakuridhika. Alipofika Marekani alimsimulia Louis Armstrong habari za vijana wake, na Armstrong akatuma tarumbeta lake. Ipo picha ya Masekela akiruka nalo juu kwa furaha, na wewe pia ungeruka. Mwaka 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ukashika namba moja Marekani.

Mbona basi yuko wa tatu? Kwa sababu mwaka 1960 alikuwa kijana wa miaka 20, bado anafundwa. Na waliomfunda wamebaki wawili.

2. Abdullah Ibrahim, piano

Wakati huo aliitwa Dollar Brand, alizaliwa Cape Town 1934, na bibi yake alipiga piano kanisani. Jina la Dollar alilipata kwa sababu alikuwa anafukuzia santuri za jazz kwa mabaharia wa Kimarekani, dola mkononi. Kila mtaa una kijana wa namna hiyo. Wachache wanaishia kuwa Abdullah Ibrahim.

Mwaka 1963 Duke Ellington alikuwa Zürich. Dollar alikuwa akipiga klabuni. Aliyekwenda kumshawishi mzee aje asikilize alikuwa mchumba wake, mwimbaji Sathima Bea Benjamin. Ellington akaja, akasikia, akawapeleka Paris kurekodi. Vijana mnaooa, mmeona faida ya kuchagua vizuri? Ila kuna jambo linaniuma: Sathima naye alirekodi Paris siku zilezile, na santuri yake, A Morning in Paris, haikutoka hadi miaka ya 1990. Zaidi ya miaka thelathini! Kama orodha hii ingekuwa ya watu saba, angekuwamo, na asingekuwa chini.

Dollar akasilimu 1968. Mwaka 1974 akarekodi Mannenberg, wimbo uliobeba jina la kitongoji walikohamishiwa watu waliong'olewa mtaa wa District Six, nao ukawa kama wimbo wa taifa la waliokataliwa na taifa lao. Kwa mtu kama huyu kuwa wa pili, huyo wa kwanza lazima awe na sababu nzito.

1. Kippie Moeketsi, saksafoni

Huyu hapa mwenye domo la bata. Alizaliwa Johannesburg 1925, katika nyumba ya wanamuziki. Kaka yake Jacob alipiga piano. Kippie alianza na klarineti, akahamia saksafoni, akapitia Harlem Swingsters na Shantytown Sextet wakati baadhi ya wenzake wa Epistles bado wanavaa kaptula za shule. Walimwita Charlie Parker wa Afrika Kusini. Dollar na Masekela wote wawili walimheshimu kama mwalimu, na ukiisikiliza ile santuri utajua kwa nini: wengine wanauliza, Kippie anajibu.

Alitunga Scullery Department. Klabu za wazungu ziliwataka wanamuziki weusi wapige ukumbini, kisha wale jikoni kwenye masinki ya vyombo. Kippie akachukua jikoni kwao, akaifanya jina la wimbo, akawapigia hukohuko ukumbini. Nani kawahi kurudisha sahani namna hiyo?

Naye alikwenda London na King Kong 1961. Kule akalazwa hospitali akatibiwa kwa kupitishiwa umeme kichwani. Gwangwa akaenda New York. Kippie akarudi nyumbani, kwenye nchi ambayo kipaji chake hakikuwa na pa kukaa. Mwaka 1973 Dollar alirudi kurekodi naye, 1975 akapiga katika santuri ya Tshona! pamoja na mpiga piano Pat Matshikiza, na 1983 akafariki maskini. Baadaye klabu ya jazz ya Newtown ikapewa jina lake, na sanamu yake ikawekwa nje.

Bado unamtaka Masekela kileleni? Lete hoja. Ila kwanza sikiliza Scullery Department mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya tarumbeta, ya pili kwa ajili ya saksafoni, ndipo tubishane.